Mahindi Hayajaonjwa

Mvua za mwezi wa tatu zilipopumua kidogo, wachoma mahindi walitapakaa kandokando ya barabara kuu ya Makambako, na Hyasinta, fundi cherehani wa Lyamkena, akamnunulia shangazi yake hindi moja teketeke. Alilichagua mwenyewe. Aliminya punje kwa ukucha mpaka maziwa yakamrukia usoni, akalisimamia likichomwa, kisha akalifunga katika maganda yake lisipoe, akakaza mwendo kurudi nyumbani.

Shangazi Zita alikuwa amekaa barazani, blanketi limemfunika miguu. Alilipokea lile hindi kwa mikono miwili, akalinusa, akafumba macho kama mtu anayesikiliza wimbo unaotoka mbali. Halafu akamrudishia.

"Limeonjwa?"

"Limechomwa sasa hivi, shangazi. Bado la moto."

"Sikuuliza moto. Nauliza mahindi ya mwaka huu yameonjwa? Nani kayaonja?"

"Haya yametoka sokoni."

"Soko ni mtoto wa nani?"

Hyasinta alicheka, akidhani ni utani wa kizee, lakini bibi yule hakucheka. Alijivutia blanketi mpaka magotini, akageuza uso kuelekea upande wa Mdandu, kijijini kwao, ingawa kutoka pale barazani mtu haoni Mdandu wala chochote ila bati la jirani.

Kesho yake alikataa majani ya maboga. Maharage mapya yalipopikwa, alisogeza bakuli taratibu kwa vidole, bila hasira, akaomba ugali wa unga wa mwaka jana na chumvi. Siku zikawa zinakwenda hivyo. Mji mzima ulikuwa unatafuna mahindi mabichi, magunzi yametapakaa mpaka mitaroni, na bibi mmoja wa Lyamkena anakula viporo vya mwaka uliopita.

Ilimchukua Hyasinta muda kuelewa, na alipoelewa, mkono wake ulisimama juu ya gurudumu la cherehani. Shangazi alikuwa anasubiri kuitwa.

Kila mwaka, mahindi yalipokomaa kwa kuchoma, baba yake Hyasinta, Mzee Silvesta, alikuwa akimwita dada yake Zita, na ndugu hao wawili walikuwa wakienda kuonja. Haikuwahi kupita masika bila wao kuonja. Lakini Mzee Silvesta alifariki katika baridi ya mwaka jana, ile baridi ya mwezi wa saba inayokausha majani yakawa kama yameunguzwa. Baada ya matanga Hyasinta alimchukua shangazi akae naye mjini, awe karibu na gari la kumpeleka Ilembula hospitali kwa ajili ya miguu yake. Kijijini alibaki Lenard, mdogo wake Hyasinta, mrithi wa nyumba na shamba. Na Lenard hakupiga simu.

Hyasinta mwenyewe alikuwa hajaenda kuonja tangu aolewe. Sasa ni mjane, wanawe wametawanyika, na kwa miaka yote hiyo siku ile ilikuwa imelala ndani yake kama nguo iliyokunjwa chini kabisa ya sanduku. Jioni ile akaikunjua.

Aliikumbuka ilivyoanza: kwa baridi ya moto uliokosekana. Alfajiri hiyo kila nyumba ya ukoo ilizima moto wake. Mama alimwaga maji mafigani, majivu yakalia *chwaa*, na nyumba ikawa ngeni. Watoto walitetemeka, wamejifunga khanga za mama zao shingoni, lakini hakuna aliyelalamika, maana walijua leo ni leo. Kisha watu walishuka bondeni kwa mstari, kimya, wakikanyaga umande, mpaka kwenye kile kichaka cha miti mikubwa kilichoitwa Kwa Wazee. Hapo ndipo walipozikwa mababu, na chini ya mizizi ya mivengi, miti ipendayo maji, ndipo ilipotoka chemchemi iliyonywesha bonde zima. Hakuna aliyekata fimbo Kwa Wazee. Hata mbuzi akiingia, alitolewa kwa maneno, hakupigwa.

Wanaume walipekecha moto mpya. Wasichana walizoa majani makavu chemchemini. Kila nyumba ilileta hindi la kwanza, jani la kwanza la boga, konzi ya maharage. Hapo shangazi Zita, wakati huo mwanamke wa shoka, mrefu, sauti kama kengele ya misioni, alitafuna punje za kwanza akazitemea ardhini, upande huu na upande ule, akiwaita wazee kwa majina, mmoja mmoja, kama mama anayeita watoto waje kula. Aliwaambia mvua ilivyokuwa. Aliwaambia nani kazaa, nani kafa, ng'ombe gani kavunjika mguu. Alimshukuru Nguluvi aliye juu ya wote. Sehemu iliwekwa kwa ndege, sehemu kwa panya, kwa sababu, alisema baba, nao walilima, sisi hatukuwaona tu. Ndipo mtoto mdogo kuliko wote akapewa kung'ata. Akishang'ata, basi! Vigelegele, ngoma, ulanzi, pombe ya mianzi, ukatoka kwenye mbeta za mwanzi, na kila mama akaondoka na kijinga cha moto kwenda kuwasha jiko lake. Njia nzima ilinuka mahindi.

Hyasinta alifuta macho kwa kipande cha kitambaa alichokuwa akishona, akachukua simu.

"Dada, najua unachotaka kuuliza," Lenard alisema kabla hata salamu hazijaisha. "Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya. Na hii ni Kwaresima. Watu wanione natema mahindi porini?"

"Baba naye alikuwa Mkristo."

"Baba alikuwa mzee. Wazee walisamehewa mambo mengi. Na tena wangekuja akina nani? Miaka ya mwisho walikuwa wao wawili na Mzee Filbert, basi. Mambo yale yameisha, dada. Yamejifia yenyewe."

"Kama yamekufa, mbona hukumpigia shangazi ukampa habari za msiba?"

Hyasinta alisikia kuku tu wakilia upande ule wa simu.

"Anasubiri, Lenard. Hajagusa kitu kipya. Nitamleta Jumamosi. Kama ni kumwambia yameisha, mwambie wewe, uso kwa uso."

Jumamosi walisafiri kwa gari la Bashiru, jirani yao, aliyekuwa na Noah ya kukodisha. Bashiru alimbeba shangazi Zita mgongoni kutoka barazani hadi garini, akimwita bibi, na bibi akampapasa kichwa akasema mgongo huu ni wa mtu aliyelishwa vizuri.

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima zilikuwa zimeangukia pamoja. Walipopita wachoma mahindi, harufu iliingia madirishani, na Bashiru akatikisa kichwa.

"Hawa watu wanatutesa! Mama Prisila, ningekukaribisha mahindi lakini najua nawe umefunga."

"Nimefunga," Hyasinta akasema.

"Basi wa kula ni bibi peke yake. Nisimamishe, bibi?"

"Yeye hali mahindi mapya," Hyasinta akamweleza, na kwa kuwa njia ilikuwa ndefu na shangazi alikuwa amesinzia, akamweleza yote: moto kuzimwa, kuonja, majina, na Lenard alivyokataa.

Bashiru alipunguza mwendo kwenye kona. Kulia na kushoto mashamba yalikuwa yamestawi, mahindi yamebeba, ukungu umekaa mabondeni kama maziwa kwenye kata.

"Kumbe bibi naye amefunga," akasema hatimaye. "Sisi tunasubiri mwezi uandame, nyie mnasubiri Pasaka, na yeye anasubiri ndugu zake. Gari zima hili wenye njaa!"

Hyasinta alicheka mpaka shangazi akaamka kuuliza kuna nini. Lakini neno lile la kufunga lilimkaa. Miaka yote alikuwa amelikosa, na sasa kalipewa bure na dereva.

Walipofika, shangazi alitaka kwanza aelekezwe uso kwenye bonde. Hyasinta akaona alichoogopa kukiona. Ubavu wa kilima ulikuwa na miche ya parachichi iliyopangwa safu kwa safu, na chini yake, kuteremka mpaka kuligusa bonde, ilisimama milingoti, mikaratusi inywayo maji mengi, myembamba na mirefu, iliyopandwa kwa karibu kama meno ya kitana. Kichaka cha Kwa Wazee kilikuwa kimebaki kidogo kama kiraka. Macho ya shangazi yalikuwa na ukungu wake mwenyewe, hakuweza kuona mbali hivyo, na Hyasinta hakumwambia.

"Kamwene, shangazi," Lenard alisalimu, akija na kofia mkononi. Alikuwa mtu mzima sasa, mvi zimeanza masikioni, na alitembea kama baba yake. Alipiga goti. Shangazi akamshika mashavu.

"Umekonda. Hulishwi?"

Jioni Devota, mke wa Lenard, aliandaa meza: ugali, viazi, samaki wakavu. Kabla ya kuonja mchuzi, shangazi aliuliza kama kuna kitu kipya kilichochanganywa chunguni.

"Hakuna, shangazi," Devota akajibu upesi. "Hata kimoja."

Lenard akainua kichwa. "Hakuna? Shamba limejaa mahindi, na majani ya maboga yamepanda mpaka dirishani."

Devota alijifanya anafuta meza. Kisha akaacha kufuta.

"Nilishindwa, baba Joackim. Niliingia shambani na kikapu, nikasimama. Tangu niolewe hapa sijawahi kuvuna kabla baba mkwe hajarudi kutoka kule chini na kijinga chake. Nikaona nitakuwa kama nimemwibia. Nikarudi na kikapu kitupu."

"Kumbe ndiyo maana tunakula viazi asubuhi na jioni!"

"Ndiyo maana."

Lenard alimwangalia mkewe, akamwangalia dada yake, akabaki na tonge mkononi. Shangazi Zita ndiye aliyeanza kucheka, kicheko chepesi cha kifuani, na Devota akafuata, akijiziba mdomo kwa upande wa khanga. Lenard hakucheka, ila hakukasirika pia.

Baada ya chakula Hyasinta alimfuata nje. Walikaa juu ya gogo, pale baba yao alipokuwa akinolea jembe.

"Sikujua ningemwambiaje," Lenard akasema. "Kila siku nilishika simu. Ningemwambia njoo, ningeonekana mnafiki kanisani. Ningemwambia usije, ningekuwa nimemzika baba mara ya pili."

"Hataki uabudu kitu, mdogo wangu. Amefunga. Anataka mtu wa kufungua naye."

Lenard alichora udongo kwa kijiti. "Njia ya kushuka inateleza," alisema baadaye. "Nitamshika mkono. Kumshika mkono tu."

Asubuhi, kabla ya misa, Devota alizima moto. Hyasinta aliposikia maji yakimwagwa mafigani, alijifunga khanga shingoni. Walishuka wanne: shangazi katikati, Lenard akimshika mkono wa kulia, Hyasinta wa kushoto, Devota nyuma na kikapu. Mzee Filbert, jirani aliyekuwa rafiki wa baba yao, aliwaona kutoka kwake, akaja akichechemea na mbeta ya ulanzi, bila kuuliza lolote, kama mtu aliyekuwa amevaa viatu akingoja.

Walipita katikati ya milingoti. Chini yake hapakuwa na nyasi wala ndege, ila magome makavu yaliyovunjika miguuni. Walipofika Kwa Wazee shangazi alisimama akainamisha kichwa.

"Maji yako wapi?"

Alitega sikio.

"Silvesta alikuwa akinileta hapa, na mimi nilijua tumefika kwa sauti ya maji. Sasa sisikii. Ni masikio yangu?"

"Si masikio yako, shangazi," Lenard akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Maji yamepungua. Niliipanda milingoti miaka ile baba alipoanza kuuguaugua. Nilidhani bonde ni kubwa, litatosha kila kitu."

Hyasinta alitegemea maneno makali. Shangazi hakuyasema. Alinyoosha mkono akaomba apelekwe kwenye mti, na alipougusa mvengi, ule mkubwa uliobaki, aliupapasa gome kama alivyokuwa amepapasa mashavu ya Lenard. Kisha akaketi kwenye mzizi. Kutoka chini ya mzizi ule maji yalikuwa bado yanatoka, uzi mwembamba tu, unaong'aa, usio na sauti.

Mzee Filbert alipekecha moto. Kijiti kilimponyoka mara kadhaa, mpaka Hyasinta akapiga magoti kushika ubao chini. Moshi ulipochomoza, Devota akatoa hindi. Lilichomwa, likapasuka, na ile harufu ikapanda ndani ya Hyasinta ikafika mahali ambapo mama yake alikuwa hai bado, na wote walikuwa wadogo, na milima ilikuwa mikubwa.

Shangazi alitafuna punje, akazitemea ardhini upande huu na upande ule. Akaanza kuita. Sauti ya kengele ilikuwa imepasuka, lakini majina yalikuwa kamili. Alimwita babu wa babu, akaja kwa mabibi, akawaita walioondoka kwa njaa na waliokufa vitani, watoto waliokufa kabla ya kupewa jina aliwaita "nyie wadogo". Alifika kwa baba yake, akafika kwa mama yake. Akasita.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya kaka yake. Miaka yote Silvesta alikuwa akisimama kando yake hapa hapa, akiitikia kila jina. Sasa yeye ndiye jina. Midomo ya bibi ilifunguka ikafumba. Akajaribu tena. Mikono yake ilianza kupapasa hewani, kama anayetafuta mlango gizani, na Hyasinta akamsogelea.

"Silvesta," Lenard akasema.

Alikuwa amesimama na kofia kifuani, machozi yanamshuka mpaka kwenye kola ya shati lake la misa.

"Silvesta, baba yetu. Njoo ule. Dada yako amekuja. Hyasinta amekuja. Mvua imekuwa nzuri mwaka huu, baba, mahindi yamebeba mawili mawili. Joackim yuko chuo, anakusalimu. Maji yamepungua. Mimi ndiye niliyeyapunguza. Njoo ule."

"Amekuja," Mzee Filbert akaitikia taratibu.

"Amekuja," akasema shangazi, na mikono yake ikatulia.

Kwa kuwa hapakuwa na mtoto, shangazi aliamua anayeng'ata kwanza awe Lenard, mdogo kuliko wote waliokuwepo, ukimtoa Devota aliyeolewa katika ukoo ule. Lenard akang'ata. Devota akapiga kigelegele kimoja kilichovuka bonde, na mahali fulani ng'ambo, kutoka nyumba isiyojulikana, mwanamke mwingine akakijibu. Wote walinyamaza wakasikiliza. Kisha wakala. Shangazi Zita, aliyekuwa hana jino la maana zaidi ya mawili, alilimaliza hindi lake lote punje kwa punje, mafuta ya furaha yakimng'aa kidevuni, akaomba na la pili.

Lenard hakugusa ulanzi. Alisema Kwaresima ni Kwaresima. Mzee Filbert akasema vema, atamnywea yeye. Na misani walikwenda wote, wakachelewa kidogo, wakikaa benchi la nyuma wananuka moshi. Baada ya misa watu wawili watatu waliuliza, na Lenard hakuficha. Wengine walimnunia. Mmoja alimwendea pembeni akamuuliza kama mwakani naye anaweza kuja, maana bibi yake alizikwa kule.

Shangazi hakurudi Lyamkena. Alisema miguu inauma popote, afadhali imuumie nyumbani. Hyasinta alirudi peke yake na Bashiru, aliyekuja kumchukua, akiwa na kikapu cha mahindi mapajani, na nusu yake alimpa Bashiru akafuturie yeye na watoto wake. Nyumba ilimwelemea wiki za kwanza. Barazani palibaki wazi, blanketi akalifua akaliweka.

Kiangazi, Lenard aliiangusha milingoti iliyokuwa karibu na chemchemi. Hakuiangusha yote, maana ile ya juu alishaiahidi kwa mtu, na jambo hilo bado linamkera. Jirani yake wa ng'ambo alimcheka, akisema mti ni mti. Maji hayakurudi kama zamani. Devota alisema kwenye simu kwamba udongo unaozunguka mvengi ulikaa mweusi na wenye unyevu hadi mwezi wa kumi, jambo ambalo hakuwa ameliona miaka kadhaa, lakini akaongeza kwamba mtu asiseme sana, asije akaharibu.

Mvua za kwanza zilipoanguka, Hyasinta alifunga duka la ushonaji akapanda kwenda nyumbani na miche ya mivengi ndani ya boksi. Walipanda siku nzima, yeye na Lenard, wakizamisha vidole kwenye tope baridi. Shangazi Zita alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mwavuli, akiwaelekeza kwa fimbo mahali asipopaona, na mara nyingi alikuwa sahihi.

"Sogeza huo," alisema. "Huo unakua mnene. Utawabana wenzake."

"Utakua lini, shangazi?" Hyasinta aliuliza, akijinyoosha mgongo. "Sisi hatutauona ukiwa mnene."

"Nani kakwambia unaupanda ili uuone?"

Lenard alicheka akiwa ameinama. Mvua ikaongezeka, lakini walikuwa wamebakiza miche michache tu, kwa hiyo hawakukimbia.